Kifo cha Mkutano wa Jumatatu

Jumatatu, 9 Juni

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba mkutano huanza pale mwenyekiti anaposema umefunguliwa. Si kweli. Mkutano huanza kwenye salamu, na mara nyingi huishia hapo hapo.

Leo nimepima. Saa ya ukutani nimeishusha na kuiweka mezani, hapa kwangu Mabawa, Tanga, kompyuta mbele, kahawa pembeni. Tuko watano kwenye jopo la kitabu cha majina ya miti ya Usambara, kila mtu kwake. Mimi mwenyekiti, mkaguzi wa shule mstaafu. Afra, binti wa marehemu kaka yangu, yuko Maskati, anapanga kurasa. Sami, mpiga picha, yuko Pangani. Rafaeli, bwana shamba mstaafu, yuko Muheza katikati ya michungwa yake. Na Ruthi, mwenye kitalu cha miche, yuko Amani.

Saa nne kamili tumeanza. Afra kaniamkia. Sami kaniamkia. Ruthi kaniamkia. Nikaitikia mara tatu. Kisha wote watatu wakamwamkia Rafaeli, naye akaitikia mara tatu kwa sauti ya liwali. Kisha habari za Idd. Kisha za nyumbani. Kisha mtandao wa Sami ukakatika, akarudi, akaanza upya na shikamoo, kwa kuwa hakuwa na hakika kama ile ya kwanza ilifika. Dakika ishirini na sita!

Rafaeli hakuniamkia. Hajawahi. Mimi nimezaliwa Machi, yeye Agosti ya mwaka huo huo. Miezi mitano ni miezi mitano. Nimekuwa nikimweleza hivyo, kwa upole, tangu tulipokuwa chuoni. Yeye huniita Mkaguzi na kuniuliza habari za huko, kana kwamba tumelingana.

Ajenda ilikuwa moja: majina yapangwe kwa alfabeti au kwa vijiji? Rafaeli akasema ana wazo dogo. Wazo dogo likachukua dakika arobaini na kupitia ugonjwa wa michungwa, mbolea ya samadi, na shemeji yake mmoja wa Korogwe. Tumefunga saa saba kasoro robo. Hatukuamua.

Mwisho akasema Ruthi. Nyumbani kwake mtandao hubeba maandishi, haubebi sura. Ili aonekane, lazima apande kilima kilicho juu ya mashamba ya chai, dakika hamsini, na goti lake moja ni bovu. Leo mvua ilikuwa inanyesha. Kwenye kioo nilimwona nusu. Nusu nyingine ilikuwa mwavuli wenye ubavu uliovunjika. Akasema, kwa adabu kabisa, kwamba mzee, nimepanda mara kumi na tisa kwa ajili ya alfabeti. Nikipandishwa ya ishirini kwa jambo linaloandikika, nitaaga.

Hili ni zito. Babake Ruthi alikuwa mlinzi wa msitu, na Ruthi peke yake ndiye ajuaye majina ya Kishambaa na ya Kibondei ya miti arobaini na mitatu tuliyobakiza. Mchapishaji anataka mswada Ijumaa ya tarehe 20, na ameshasema haongezi siku. Bila Ruthi hatuna kitabu. Tuna albamu ya picha za magome.

Nimetafakari dakika tano. Dawa ninayo. Mikutano iondoke, barua pepe ziingie!

Jioni nimesafisha sanduku langu la barua. Salamu za Idd, za heri, za kheri na fanaka, kumi na moja. Nina njia yangu. Nasoma kichwa, najibu papo hapo, sifungui. Kichwa kikisema Assalaam aleikum, naandika Wa aleikumu salaam. Kikisema Shikamoo mzee, naandika Marahaba. Wanafunzi wa zamani, Ruthi, mpwa wa jirani: Marahaba, Marahaba, Marahaba. Dakika tatu, sanduku jeupe. Vijana wangekuja kujifunza kwangu.

Jumanne, 10 Juni

Nimetunga kanuni. Ni nyepesi, na nashangaa hakuna aliyeitunga kabla yangu. Jambo likiwa na jibu fupi, na likiweza kulala hadi kesho bila kuharibika, basi ni la barua. Jambo likihitaji watu wakasirikiane kwanza ndipo waelewane, basi ni la mkutano. Ndiyo yote. Nimemsomea Khadija, mke wangu, alipokuwa akichambua mchele. Akasema ni kanuni nzuri, Baba Nasri, na akaniuliza kama nitaifuata. Swali la ajabu. Mtunzi wa kanuni!

Barua ya kwanza nimeiandika kutwa nzima. Kundi letu la wasapu sikulitumia, nililifunga Machi baada ya Rafaeli kutuma video moja ya kuku mara tisa. Barua ni barua. Nimeanza na salamu kamili, kila mtu na yake: Afra na joto la Maskati, Sami na mamake anayeumwa mgongo, Ruthi na goti, Rafaeli na michungwa. Kisha nikaeleza historia ya uandishi wa barua katika mwambao wetu. Kisha hasara za vikao virefu, kwa urefu. Swali lenyewe, alfabeti au vijiji, nimeliweka ukurasa wa nne, mahali pa heshima, ili msomaji alifikie akiwa amekwisha andaliwa.

Nimetuma saa kumi. Nimejisikia mwepesi.

Jumatano, 11 Juni

Majibu yamekuja! Yote manne! Kabla ya adhuhuri!

Sami: hatujambo mzee, shikamoo, mama anaendelea vizuri, asante kwa kumkumbuka. Basi.

Afra: shikamoo Ami, huku joto halisemeki. Na picha ya waridi.

Rafaeli: huku hatujambo, Mkaguzi, vipi huko? Mbuzi wa Idd alikuwa na mafuta? Kuhusu mambo yako ya ukurasa wa nne, sijafika huko, ila nina wazo dogo: tukutane tuyajadili.

Ruthi: kichwa cha barua yake kinasema Shikamoo mzee. Binti mwenye adabu sana. Nikamjibu Marahaba.

Kwa hiyo watu wanne wamejibu salamu. Swali limebaki limesimama peke yake ukurasa wa nne, kama mgeni aliyesahauliwa barazani.

Nimewaza sana leo. Kosa nimeliona. Mswahili akisalimiwa hujibu salamu, na akishajibu salamu hujisikia amejibu barua. Deni lake amekwisha lipa, analala. Salamu ndiyo inayokula jibu. Basi kesho, hakuna salamu!

Alhamisi, 12 Juni

Barua ya pili. Ninainakili hapa nzima kwa kuwa ni nzuri:

"Mti wa ukurasa wa 31. Mvule au msufi? Jibuni leo."

Maneno tisa na namba moja. Sikuandika habari zenu, wala wasalaam. Khadija akasoma juu ya bega langu, akasema hiyo si barua, hiyo ni amri ya mgambo aliyesimama barazani. Nikamweleza kwamba ulimwengu wa kazi umebadilika. Akasema watu hawajabadilika, akaenda kuanua nguo.

Saa nane, kimya. Saa tisa, kimya. Saa tisa na robo, simu! Shemeji yangu, mama yake Afra, kutoka Chumbageni, analia. Mtoto wa marehemu amekukosea nini, Taimur? Amenipigia kutoka Maskati hawezi hata kula. Umemwandikia kama mtu asiye na baba! Nikamweleza kwamba ilikuwa ni kuhusu mvule. Akasema basi hata mvule una haki ya kusalimiwa.

Saa kumi, barua ya Sami. Ndefu! Anaomba radhi. Anasema alijua siku moja nitagundua. Mti wa ukurasa wa 31 na mti wa ukurasa wa 58 ni mti mmoja, aliuzunguka tu akaupiga upande wa pili, kwa kuwa siku ile pikipiki iliharibika na alikuwa na njaa. Sikuwa nimegundua chochote! Lakini tazama nguvu ya njia hii. Neno moja kavu, na mtu anakiri kosa la Februari.

Rafaeli naye kaandika kwamba, Mkaguzi, hata notisi ya kukatiwa maji huanza na Ndugu Mteja.

Ruthi: Shikamoo mzee. Marahaba, Ruthi, Marahaba. Lakini majina je? Siku nane zimebaki, na sijaona hata jina moja la mti. Nimemwandikia kumkumbusha. Akajibu upesi. Kichwa: Shikamoo mzee, tazama ya Jumatatu. Nikaitazama ya Jumatatu kwenye orodha. Inasema Shikamoo mzee. Naam, niliiona, na niliitikia. Pengine anahofu kwamba Marahaba yangu haikufika. Nikamtumia nyingine.

Ijumaa, 13 Juni

Hila! Rafaeli ameitisha kikao cha dharura. Bila ruhusa ya mwenyekiti! Kichwa cha barua yake: Salamu na Mkutano. Shabaha, kwa maneno yake mwenyewe, ni kujadili lugha ya barua zinazochukua nafasi ya mikutano. Jumatatu, saa nne, kwa video, wote waonekane nyuso.

Wote waonekane! Maana yake Ruthi apande. Mara ya ishirini. Na kwa jambo linaloandikika, tena limekwisha andikwa. Ataaga, na arobaini na mitatu itaondoka naye, na mchapishaji atafunga mlango, na Rafaeli atasema kwamba chini ya uenyekiti wangu jopo lilivunjika.

Nimekwenda kuswali, nimerudi, nimekaa na kalamu. Hofu sina. Nimeshakagua shule sabini na mbili, na katika moja nilifukuzwa na nyuki, nikarudi kesho yake na kumaliza ukaguzi. Hiki ni kikao kimoja tu. Kitauawa.

Jumamosi, 14 Juni

Nimejifunza kutokana na makosa, jambo ambalo wengi hawawezi. Salamu ikiwepo, watu hujibu salamu. Isipokuwepo, watu hulia. Basi dawa iko kwenye kichwa! Kichwa kibebe habari yote, kwa herufi kubwa, pasiwe na nafasi ya kupotea. Ndani, salamu nzuri. Juu, neno lenyewe. Na nimetia chumvi kidogo, kwa sababu mzaha hulainisha amri.

Kichwa: TAARIFA YA KIFO CHA MKUTANO WETU WA JUMATATU.

Ndani nimewasalimu vizuri, nikaeleza kwamba mkutano umefariki baada ya kuugua kwa muda mrefu ugonjwa wa maneno mengi, kwamba hakutakuwa na matanga, na kwamba wafiwa waendelee na kazi zao. Nimecheka peke yangu hadi Khadija akaja kutazama.

Nimewatumia wote wanne. Nakala kwa shemeji, asije akasema simthamini. Kisha simu na kompyuta nimezima. Baada ya kazi nzuri, mtu anastahili jioni tulivu.

Jumapili, 15 Juni

Siku kubwa. Nitajaribu kuieleza kwa utaratibu.

Saa mbili na nusu asubuhi, Rahimu, jirani wa nyumba ya tatu, kaja na viti vya plastiki ishirini na turubai. Akaanza kufunga kamba kwenye mlango wangu. Nikadhani ni harusi kwake na uwanja haumtoshi. Nikamsaidia kufunga. Akanitazama kwa namna ya ajabu, akasema mzee Taimur una moyo mkubwa. Nikamwambia ni jambo la kawaida kwa majirani.

Saa tatu, Rafaeli. Kutoka Muheza! Kashuka kwenye gari na magunia mawili ya machungwa, suti nyeusi, macho mekundu. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Na hapa niandike pole pole, kwa sababu hili lina uzito katika historia. Rafaeli akainamisha kichwa akasema: Shikamoo, Mkaguzi.

Nikaitikia Marahaba haraka, kabla hajabadili nia! Sikumuuliza sababu. Mtu akifika kwenye haki baada ya miaka arobaini na tano, humuulizi amepita njia gani. Nikamkaribisha kiti cha mbele. Nikaona na Sami amekuja, amekaa, analia kwenye leso. Nikadhani ni ule mti wa ukurasa wa 58. Nikampiga bega, nikamwambia yamekwisha. Akalia zaidi.

Kisha shemeji. Huyu aliingia kwa sauti. Uwii, dada yangu! Uwii, mkono wake wa pilau! Akapita katikati ya wanaume moja kwa moja hadi mlangoni, na mlango ukafunguliwa kutoka ndani, na Khadija akatoka na sinia la vitumbua, akauliza kelele ni za nini.

Sijapata kuona watu ishirini wakinyamaza kwa pamoja namna ile. Shemeji akakaa chini pale pale alipokuwa. Rahimu akaiachia kamba ya turubai, likashuka taratibu juu ya Sami. Wa kwanza kupata ulimi alikuwa Rafaeli, kama kawaida. Akasema basi marehemu mwenyewe ndiye anayetugawia vitumbua, tumshukuru Mungu na tule.

Nikawasha simu. Simu sabini na moja zilizokosa kupokewa. Shemeji akanionyesha ya kwake. Kioo cha simu ni chembamba, na kichwa changu kilikuwa kirefu. Kilichoonekana ni hiki: TAARIFA YA KIFO CHA MK…

Basi. Hapo kimekatika. Na katika Tanga nzima hakuna mtu hata mmoja aliyedhani MK ni mkutano. Wote walisoma mke. Wala hakuna aliyefungua ndani! Nikawaeleza, kwa utulivu, kwamba hii ndiyo hatari ya kusoma vichwa tu. Khadija akasema tutazungumza, Baba Nasri. Akarudi jikoni. Mlango haukufungwa kwa upole.

Afra akapiga kwa video, kutoka Maskati, akilia. Simu ilikuwa mezani, Khadija akaipokea. Ukelele ule ulisikika hadi sokoni.

Rafaeli akataka shikamoo yake irudi. Anasema ilitolewa kwa taarifa za uongo. Nikamweleza kwamba salamu ikishaitikiwa haina marejesho. Akasema nitakata rufaa, Mkaguzi. Tukabishana hilo kwa muda, machungwa yakigawanywa.

Saa tano akaingia Ruthi.

Alikuwa ameondoka kwake alfajiri. Bodaboda, kisha basi, kisha basi tena. Goti limefungwa kitambaa, kanga nyeusi kichwani, fimbo mkononi, na kifurushi cha iliki na majani ya chai kwa ajili ya wafiwa. Mwavuli ule ule. Akamwona Khadija amesimama na birika. Akashusha kifurushi. Akakaa kwenye ngazi, akasomewa barua yote na Sami tangu mwanzo. Akasikiliza hadi mwisho. Akasema: mzee, nimeshuka mlima mzima kuja kuzika mkutano.

 Nilitaka kueleza, kisha nikaona nisubiri.

Akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, kama majina niliyapata. Nikamuuliza majina gani. Akasema ya Jumatatu. Nikasema Jumatatu nilipata salamu. Akaninyooshea mkono, nikampa simu. Akaifungua barua ya tarehe 9, Shikamoo mzee, akaiteremsha kwa kidole, ikateremka, ikateremka, akanirudishia.

Miti arobaini na mitatu. Kishambaa, Kibondei, Kiswahili, na matumizi ya kila mmoja. Imepangwa. Chini yake alikuwa ameandika: Mzee, nimeyaandika yote mchana huu ili nisilazimike kupanda tena. Ya tarehe 11 ilisema: Shikamoo mzee. Alfabeti. Na ya mwisho, ya tarehe 12: Shikamoo mzee, tazama ya Jumatatu, chini ya salamu.

Na chini ya kila moja, jibu langu. Marahaba. Marahaba. Marahaba.

Rafaeli aliomba kushika simu ile. Aliisoma kwa sauti, zote, pamoja na Marahaba zangu, kwa sauti yangu. Nitalisahau hilo siku moja.

Kwa kuwa watu wote walikuwa wamekaa na viti vilikuwepo, tulifanya kazi. Alfabeti: Ruthi amesema, wote tukakubali. Ukurasa wa 31 ni mvule, Ruthi aliutambua kwa jicho moja, na wa 58 ukafutwa. Wazo dogo la Rafaeli lilianza, Khadija akaleta pilau, likafa lenyewe. Dakika thelathini na tano! Afra akiandika yote huko Maskati, pua ikiwa bado nyekundu.

Kabla ya kuondoka, Ruthi akanieleza jambo, na nimeahidi kuliandika. Kwamba swali la mtu mmoja aandikiwe mtu huyo mmoja. Kwamba watu waitwe pale tu wanapohitaji kubishana. Na kwamba, mzee, ukiandikiwa, fungua. Tutakwenda pamoja hadi kitabu cha pili, cha ndege, lakini sitapanda kile kilima kwa neno linaloandikika. Nikaapa. Mbele ya Khadija, ambaye kwa siku ile neno lake lilikuwa na uzito wa mtu aliyerudi kutoka mbali.

Nikamsindikiza hadi stendi. Mvua ilimkuta anapanda basi. Ule ubavu wa mwavuli uliovunjika ulimgonga utosini. Nilisikitika kweli.

Jumanne, 17 Juni

Mswada umekwenda! Siku tatu kabla ya wakati. Afra ameufunga vizuri, jina la Ruthi liko juu pamoja na langu. La Rafaeli liko chini kidogo, kwa alfabeti, bila shaka.

Jana haikuwa na mkutano. Saa nne ilipofika nilikaa mbele ya kompyuta na kahawa, nikatazama sura yangu mwenyewe. Palikuwa kimya. Kimya kupita kiasi.

Khadija amenisamehe nusu.

Jumatano, 18 Juni

Nimepata fundisho la jambo zima. Limenijia nikinyoa ndevu.

Tatizo halikuwa mikutano. Wala barua. Tatizo ni vichwa vya barua! Kama ningeandika Mkutano Wetu, Kifo Chake, pasingekuwa na turubai. Na kama Ruthi angeandika kichwa kinachosema Majina Arobaini na Matatu, ningefungua siku ile ile. Kwa hiyo kosa tumegawana, na mimi niko tayari kulisamehe.

Watu hawa wanahitaji somo. Jinsi ya kuandika kichwa cha barua ili mkutano usihitajike. Nimeandaa sehemu sita, na zoezi.

Nimejiuliza, kwa haki, kama linaandikika. Haliandikiki. Nikiwaandikia, watasoma kichwa tu, tumeshaona. Lazima niwaeleze ana kwa ana, kwa video, nyuso zikionekana. Kiapo changu kwa Ruthi kinahusu neno linaloandikika. Hili silo. Nimeipitia hoja mara mbili na haina ufa.

Nimewatumia wote mwito: Jumatatu, tarehe 23, saa nne hadi saa saba. Rafaeli amekubali ndani ya dakika moja! Anasema ana wazo dogo.

Ijumaa, 20 Juni

Asubuhi njema, mbingu safi. Nimesafisha sanduku la barua kabla ya chai.

Mchapishaji ameandika. Kichwa: Salaam, Mzee Taimur. Mtu muungwana, pamoja na shughuli zake zote ameona anisalimu. Nimemjibu papo hapo: Wa aleikumu salaam.

Na Ruthi. Tazama jinsi somo linavyoingia hata kabla sijalifundisha! Kichwa cha leo si Shikamoo tupu. Kinasema: Shikamoo, na kwaheri mzee. Salamu na maagano, vyote juu, mahali pamoja, hakuna haja ya kufungua. Nimefurahi sana. Nimejibu: Marahaba, kwaheri ya kuonana Jumatatu.

Khadija ameuliza kama nimeifungua. Nikamweleza kwamba kichwa kikiwa kamili, kufungua ni kumdharau mwandishi. Akaichukua simu yangu, akakaa nayo jikoni. Atakuwa anajifunza.

Jambo moja tu lililobaki ni lile la kilima na mvua. Mwenyekiti huwafikiria watu wake. La kufanya leo: nunua mwavuli mkubwa, wenye mbavu nzima, umpelekee Ruthi kwa basi la Amani la mchana.